Baba Mkwe Aliyesema na Ukuta

Tulipomaliza kumzika mke wangu Anyesi, mpwa wake alileta matofali ya kuzungushia kaburi. Aliyabeba kwa baiskeli, akayamwaga juu ya udongo mwekundu, na vijana wakaanza kuyapanga. Tofali moja lilikuwa bado na plasta upande mmoja, na juu ya plasta hiyo mstari mwekundu, upana wa vidole viwili, rangi imefifia lakini mstari umenyooka. Nikauliza, "Hii umetoa wapi?" Akanijibu, "Ku ile nyumba ya bazungu bila dirisha, tata. Kule ku serkle. Banabomoa, kila muntu anakamata." Hakujua alichokuwa amekishika. Kati ya watu wote waliosimama pale, watoto wangu wakiwamo, hakuna aliyejua. Aliyekuwa akijua pamoja nami ndiye tuliyekuwa tunamfunika. Nikaliomba lile tofali, nikaliweka chini ya kiti changu. Waliona nimechanganyikiwa kwa msiba, na labda ni kweli. Nina tabia ya kuandika kidogo kila jioni, mambo ya siku, nani alikuja, tulikula nini. Mwaka ule wa nyumba isiyo na dirisha sijawahi kuuandika. Nilikuwa najiambia kwamba mtu aliyesoma miaka michache kwa mapadri hawezi kuuandika sawasawa. Sasa naona nikiuacha hautaandikwa na mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa kwenye kikosi cha reli, wale wanaokaza misumari na kusukuma kokoto chini ya mataruma, nje kidogo ya Kamina. Kazi ikapunguzwa. Sikufukuzwa kwa kosa, lazima niseme hivyo, walianza tu na walioingia mwisho. Lakini siku zile mwanamume asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Ilibidi arudi kijijini kwake, yeye na mke. Na Anyesi alikuwa na mimba. Mimba mbili za kwanza alikuwa amezaa kijijini, upande wa Kabongo, na watoto wote wawili walitoka wamekufa. Hii ya tatu mtawa wa hospitali ya wazazi hapa Kamina alimpima, akakunja uso, akamwambia: huyu utamzalia hapa, mbele ya macho yangu, si pengine. Kwa hiyo kazi kwangu haikuwa mshahara tu. Kazi ilikuwa kitanda cha Anyesi pale kwa watawa, masera tulivyowaita. Nikikosa kazi, kitanda kinakwenda, na kaburi dogo la tatu linachimbwa kando ya yale mawili.

Aliyenipatia kazi alikuwa baba yake Anyesi, Papa Kyungu. Yeye alitunza ile nyumba ya mpira kwenye serkle, yaani klabu, ya Wazungu wa reli. Zamani mhandisi mmoja Mwingereza aliijenga kwa ajili ya mchezo wa kwao, skwoshi, wa watu wawili kupiga mpira ukutani kwa zamu, halafu akakuta hana wa kucheza naye. Akamfundisha Papa Kyungu, aliyekuwa akimpigia nguo pasi. Walicheza miaka mingi, hao wawili, hadi Mwingereza akaondoka. Siku ninazozisimulia, Papa Kyungu alikuwa na wingu jeupe kwenye jicho la kushoto, na mpira alikuwa akiusikia zaidi kuliko kuuona. Mkubwa wa depo ya magari-moshi, tuliyemwita Bwana Murefu, alikuwa amebaki bila mwenzake wa kucheza, maana daktari alikwenda likizo Ulaya, na kabla ya Noeli watu wa Elisabethville walikuwa waje kushindana naye. Alitaka mtu wa kumchosha kila siku saa kumi. Papa Kyungu akasema, "Niko na muntu." Bwana Murefu akajibu sawa, nitamjaribu, mvua ya kwanza ikinyesha na hajui bado, nitaomba askari mmoja ku kambi ya jeshi acheze pahali pake.

Ujumbe huo haukunifikia kwa kinywa chake. Papa Kyungu alimwambia mke wake, mke wake akamwambia Anyesi, Anyesi akaniambia mimi. Katika ukoo wao mambo yalikwenda hivyo. Mwanamume aliyeoa kwao hakumgusa baba mkwe, hakula naye, hakumzibia njia, hakumwonyesha mgongo; na neno kati yao lilipita kwa mtu wa tatu. Hii iliendelea mpaka mtoto azaliwe na aishi. Hapo aliyeoa huleta kuku, wanakula sahani moja, na tangu siku hiyo wanaongea kama watu. Sijui kama Waluba wote waliishika desturi namna ile. Mjini wengi walikuwa wanaanza kuiacha, na wengine waliwacheka wanaoishika. Papa Kyungu hakuiacha, na mimi, niliyekuwa nimezika wajukuu wake wawili, sikuwa na uso wa kumwomba aiache.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, kuta nne nyeupe, mlango mdogo nyuma ambao ukifungwa hauonekani tena kuwa mlango. Juu bati, na kati ya bati na kuta nafasi ya mwanga kuingia. Joto la humo lilikuwa la tanuri la mkate. Chini ya ukuta wa mbele kuna kipande cha bati, na mpira ukigonga hapo unalia kwaa! na umeshindwa. Ukutani mstari mwekundu, na sakafuni mistari myekundu miwili inakutana katikati kama herufi T. Siku ya kwanza Papa Kyungu aliingia na raketi mbili, akalaza moja sakafuni, akarudi nyuma ili nisiipokee mkononi mwake. Halafu akautazama ukuta wa mbele, akaukoholea kwanza kama mtu anayebisha hodi.

"Ukuta," akasema, "ambia ule muntu, mupira haiko nyoka. Hapana kuukimbia."

Nikasimama kama mjinga. Hatukuwa na mtu wa tatu mle ndani, ndiyo sababu. Nikautazama ukuta na mimi. "Ukuta, ambia tata, nimesikia."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Ukuta ule ulibeba maneno mengi kuliko karani wa posta. "Ukuta, ambia yeye, akisha kupiga arudie ku T. Kila mara, mbio, kama muntu amesahau kofia yake pale." Pale kwenye T, alisema, kila pembe iko karibu, anayesimama pale njo mwenye nyumba, mwingine ni mgeni wa kuzungukazunguka. Na mpira ukija juu usiuache upite, maana ukifika pembe ya nyuma unakufa kama panya mu gunia, nani atautoa? Uchukue hewani, kabla haujaanguka, raketi iwe imeinuliwa tayari mbele ya kifua, na mkono uende kidogo tu, kama unafunga mlango ili mtoto asiamke. Aliniambia hivyo, kama mtoto asiamke. Najua aliambia ukuta. Lakini alisema polepole.

Nilielewa vyote. Hilo ndilo linaloniumiza hata leo, kwamba kichwa kilielewa na mwili ukakataa. Nikisha kupiga, nilitakiwa kurudi kwenye T; lakini Papa Kyungu naye alikuwa anakuja pale pale, na miguu yangu ikampa njia yenyewe, bila kuniuliza. Nilijibandika kwenye ukuta wa kando. Mpira ukija juu, ningeuchukua ikiwa ningesimama mbele, lakini kusimama mbele ni kumwonyesha yeye mgongo. Basi nikauacha upite, nikaufuata nyuma, nikaukuta umekufa. Kwaa! Na niseme haki, haikuwa mimi peke yangu. Mara nyingine nilijilazimisha, nikasimama T, nikauma meno. Nyuma yangu kukawa kimya. Mpira hauji. Nikageuza kichwa, nikamkuta mzee ameushika mkononi, amekodolea macho mgongo wangu, na mkono umemshinda kuinua. "Ukuta," akasema kwa sauti ndogo, "ambia ule muntu asogee kidogo." Nikasogea. Akapiga. "Ukuta! Ju ya nini tena anasimama kando?" Mtu aliyenifundisha kusimama katikati alikuwa ndiye mtu mmoja katika Kamina nzima ambaye sikuruhusiwa kusimama mbele yake.

Bwana Murefu alinijaribu, akanijaribu tena. Hakuwa mtu mbaya, mara nyingine alinipa maji ya glasi yake. Siku moja nilikuwa nafagia mle ndani, nao Wazungu wamekaa barazani na bia zao, na mwenzake akamuuliza kijana wako anaendeleaje. Walisema Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha katekisimu, lakini mpishi aliyewapelekea karanga alinisimulia yote kabla sijauliza, tena kwa furaha. "Anasema weye unacheza sawa bantu ba reli! Akikuya tu, weye unaruka mu majani, unangojea gari ipite. Anasema inabakia tu kukupatia bendera nyekundu." Nikacheka pamoja naye. Ingekuwa vibaya kutokucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu akapunguza sauti. "Anasema pia mawingu inaanza kukusanyika."

Tulikaa wakati huo katika chumba kimoja cha kambi ya reli, na upande wa pili wa ukuta mwembamba walikaa wakwe zangu, kwa hiyo tulikula tukisikia wanavyokula. Jioni ile Anyesi alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki mkavu wa Mulongo alichonipa mimi chote. Yeye alitafuna udongo mweupe, ule wa wajawazito, unga wake umemshika mdomoni. Nilimweleza maneno ya Bwana Murefu. Nilifikiri atalia. Akaniangalia tu.

"Weye unaogopa mugongo yako itamuuma tata? Iko na nini, hii mugongo, miiba?"

"Njo desturi yenu, haiko yangu."

"Desturi yetu!" Akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka. "Sikia, Ngoy. Minyi sirudie Kabongo. Kule nimelaza babili. Siwezi kupita tena ku ile njia na tumbo, siwezi. Ukishindwa, enda weye, minyi nitajilaza mbele ya mulango ya masera mpaka banifukuze na fimbo." Kisha akainuka, akazunguka kwa wazazi wake, nami nikabaki na bukari inayopoa, nikasikiliza. Sikutega sikio. Ukuta ulikuwa mwembamba.

Alikuwa anamwomba baba yake afungue ukwe kabla ya wakati, wamle yule kuku sasa hivi, yaishe. Aliyejibu ni mama yake. "Munataka kula kuku ya mutoto na mutoto hayakuya bado? Akikuta mumekwisha kula, atakuya kufanya nini? Atarudia." Anyesi akasema kitu nisichosikia. "Minyi pia nililaza bale babili, mwana wangu. Nilibashika na hii mikono. Usinisemee sawa minyi ni adui." Niliwahi kumchukia mama yule kwa maneno hayo, miaka kadhaa. Nikiyaandika sasa sioni alipokosea. Alikuwa anamlinda mjukuu kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Basi mawingu yakakusanyika kweli. Mchana mmoja, joto likiwa la kuziba pumzi, niliamua kwamba nitarudi kwenye T bila kutazama chochote. Nikapiga, nikageuka, nikaenda kwa nguvu. Papa Kyungu alikuwa upande wa jicho lake bovu, na hakuniona, nami sikumwona kwa sababu nilikuwa nimeamua kutokuona. Bega langu likampiga kifuani. Akaanguka chini, mzito, na raketi yake ikateleza mpaka kwenye bati: kwaa. Nilinyoosha mkono kumwinua, nikaurudisha. Kumgusa mara ya pili? Nikabaki nimesimama juu yake na mkono hewani. Aliinuka mwenyewe, akiupandia ukuta kwa viganja. Nilingoja auambie ukuta kitu, hata matusi. Aliuweka mpira sakafuni taratibu, akatoka.

Jioni mama yake Anyesi alisimama mlangoni kwetu, amegeuza uso. "Mulango," akasema, "ambia ule muntu: kama amechoka na sisi, aseme. Kumuangusha muzee iko kusema mingi." Siku chache baadaye uchungu ukamshika Anyesi, kabla ya wakati wake. Sisemi kwamba hiki kilileta kile. Mtawa alisema ni damu, kwamba damu yake ilikuwa nyepesi tangu zamani, na mtawa alijua kazi yake. Lakini njiani, nimemshika mkono kwenda hospitali, sikuwaza damu. Niliwaza bega langu. Pale mlangoni mtawa akanizuia: wanaume hawana kazi humu, nenda kwenye kazi yako. Na Anyesi, jasho limemjaa, akasema, "Enda. Iko saa kumi. Enda!"

Nilifika nyumba ya mpira nikakuta Bwana Murefu ananingoja, na matone ya kwanza yanagonga bati. Alitazama juu, akanitazama mimi. Nyuma, juu ya mlango, palikuwa na kibaraza kidogo cha watazamaji, na Papa Kyungu alikuwa amekaa pale kwenye benchi lake. Sikutegemea kumwona. Tukaanza. Nilicheza kama siku zote, labda vibaya zaidi. Akija, natoka. Mpira unapita juu yangu, naufuata, nao umekufa pembeni. Kwaa. Kila nikitaka kusimama katikati, nilihisi jicho la mzee kwenye mgongo wangu, lile moja zima, na magoti yakanipeleka ukutani. Bwana Murefu alishinda seti ya kwanza bila kutoka jasho. Akaenda kujifuta uso. Nikajua imekwisha. Nilisimama pale nikiwaza namna ya kupanga vyombo vyetu kwenye gari la Kabongo, sufuria ndani ya beseni, na Anyesi amelala wapi.

Ndipo nikasikia benchi linaburutwa. Nikatazama juu. Papa Kyungu alikuwa ameinuka, ameligeuza benchi lake kuelekea ukuta wa nyuma, na akaketi tena, polepole, mgongo wake kwetu. Mzee mzima amekaa kwenye mahali pa kutazamia, anatazama plasta. Bwana Murefu akacheka, akauliza mzee wako amechoka kukuona? Nikasema, "Ndiyo, bwana." Lakini nilikuwa nimeelewa. Alikuwa ameniondolea macho yake. Hapakuwa tena na mtu wa kuonyeshwa mgongo.

Nikaenda kwenye T. Bwana Murefu alipiga mpira wa juu, ule wake wa kila siku wa kwenda kunizika nyuma, na mimi nilikuwa mbele, raketi juu, nikaufunga mlango. Mpira ukashuka kwenye pembe ya mbele, naye alikuwa mbali. Nikarudi T. Akapiga wa pili, nikauchukua hewani tena. Nikarudi T. Mvua ilikuwa inanguruma juu ya bati hata hatukusikiana, na nilimwona mkubwa wa depo anakimbia, kona hadi kona, kama mgeni ndani ya nyumba ya mtu. Sikumshinda. Nisije nikajisifu, alinishinda zote, alikuwa mchezaji wa kweli na mimi mwanafunzi. Ila alimaliza ameinama, mikono magotini. Aliponyoosha kidole kunielekea nilidhani ananifukuza. "Kesho," akasema, "saa kumi. Na kesho kutwa."

Nilikimbia kwenye mvua na viatu mkononi. Mtoto alikuwa ameshatoka, mvulana, mdogo wa kulala kwenye viganja viwili. Alikuwa anapumua. Mtawa alikuwa amemmwagia maji ya ubatizo tayari, kama anavyofanyiwa mtoto asiyetazamiwa kuishi, na hapo ningeweza kujua, lakini sikujua. Anyesi alikuwa amemlaza kifuani. "Umebakia na kazi?" Nikasema, "Nimebakia." Akasema, "Muzuri." Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. Kengele ya sala ya jioni ilipopigwa misioni, alikuwa bado anapumua. Ilipokwisha kupigwa, hakuwa.

Kitanda tulikipata, basi. Ndicho nilichokuwa nimekipigania miezi ile yote, na ni kweli, Anyesi alinyanyuka kutoka kitanda hicho akiwa mzima, na huenda Kabongo asingenyanyuka. Watoto waliokuja baadaye walizaliwa hapo hapo na wakaishi. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba nimejifunza kusimama katikati siku ile ile ya kifo cha mtoto, na kwamba hakuna kitu kibaya zaidi ambacho mtu angeweza kujifunza.

Baada ya siku za matanga, nilikuwa nimekaa ndani, Anyesi amelala akiutazama ukuta. Nikasikia watu wa kambi wananyamaza nje. Papa Kyungu alikuwa anakuja kwetu, kwa mlango wa mbele, amening'iniza kuku kwa miguu. Mzee, si mimi. Yeye ndiye aliyeleta kuku. Majirani walisimama kutazama. Mke wake alikuwa nyuma yake, macho yamevimba, akampokea kuku, akaingia kwenye jiko letu, akampika kwenye sufuria yangu, na hakusema neno kwa mlango wala kwa mtu. Tukawekewa sahani moja. Papa Kyungu akakaa mbele yangu, karibu hata magoti yakagusana, akanitazama usoni kwa jicho jeupe na jicho jeusi.

"Ngoy," akasema.

Sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake.

"Tata," nikamwambia, "mutoto hakuishi."

"Najua. Tulimuzika sisi wote. Kula."

Nikala. Anyesi akageuka kitandani kutuangalia. Baada ya muda akanyoosha mkono, baba yake akampa paja.

Kesho yake saa za mchana tulirudi kwenye nyumba ya mpira, yeye na mimi. Hakuukoholea ukuta. Alinipa raketi mkononi. Nikaenda kusimama kwenye T, mgongo kwake, na nyuma yangu kukawa kimya, kimya kile kile cha zamani, na nikasikia anavuta pumzi kwa kukatika, kama mtu anayelia bila kutaka kusikika. Sikugeuka. Nadhani ndiyo heshima niliyoweza kumpa. Halafu raketi yake ikagonga, mpira ukapiga ukuta juu sana, ukarudi kuelekea bega langu, nami nikauchukua kabla haujaanguka.